Sosi ya mionzi ilikwama saa nane usiku, dogo akagoma kusogea: uzi wa sefti kwa tunaofanya kazi na mionzi

Mzungusha Mpini (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni msomaji wa kimya humu miaka mingi. Leo nimeona nishushe uzi, maana kila nikisoma habari za usalama kazini naona picha za watu wamevaa helmeti mpya wanakata keki. Ya kwangu ni ya utamaduni wa usalama, yaani mazoea ya kila siku kazini yanayowalinda watu au kuwaumiza, na haina keki.

Kazi yangu ni kupiga picha michomeleo ya mabomba na matangi kwa mionzi. Mchomeleaji akimaliza, mteja anataka kujua kama ndani kuna tundu au ufa ambao jicho halioni. Tunabandika filamu upande mmoja, upande wa pili tunaleta sosi, yaani chanzo cha mionzi, ya iridiamu-192, inakaa dakika kadhaa, tunairudisha. Sosi yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mahindi. Iko kwenye ncha ya kebo, na makazi yake ni ndani ya kamera, lile boksi dogo ambalo ukilinyanyua mgongo unalia, kwa sababu ngao yake ni ya urani, inazuia mionzi kuliko hata madini ya risasi. Unasimama mbali, unazungusha mpini, kebo inaisukuma sosi itoke ipite kwenye mrija hadi kwenye mchomeleo. Ukizungusha kinyume inarudi kulala.

Kwa asiyejua ukali wake: sosi ya kyuri 50 (kyuri ni kizio cha nguvu ya sosi) ikiwa nje, ukasimama mita moja kutoka kwake bila kinga, dakika 5 tu unakuwa umemaliza milisiveti 20 (kizio cha mionzi inayoupata mwili), kiwango anachowekewa mfanyakazi wa mionzi kwa mwaka mzima. Na katika dakika hizo 5 husikii joto, husikii harufu, huwashwi. Utaendelea kupiga stori za Simba na Yanga kama kawaida.

Sasa kisa chenyewe. Kazi ya matangi, pwani, miaka kadhaa nyuma. Kampuni siitaji. Tulikuwa nyuma ya ratiba, mteja anapiga simu kila saa, tunapiga picha usiku ili wachomeleaji wapate nafasi mchana. Saa nane usiku nilikuwa nimeshapiga nyingi hadi nimeacha kuhesabu. Nikarudisha sosi. Mpini ukawa mzito kidogo mwishoni, nikaukaza, ukagoma. Nikajisemea imefika. Kamera ikifunga huwa inatoa mlio fulani, "tak". Sikuusikia, ila jenereta ilikuwa inanguruma pembeni, nikaona ni hilo.

Msaidizi wangu alikuwa dogo wa mafunzo, ana miezi minne kazini. Nikamwambia chukua mita ya kupimia mionzi, twende tukabadilishe filamu. Akaichukua. Akapiga hatua tatu akasimama.

"Kaka, hii mita imekufa."

Nikamwambia inasoma sifuri, sifuri ni nzuri, twende. Akasema: "Hapana kaka. Hata sosi ilipokuwa nje, mshale haukutikisika. Nilikuwa nauangalia. Hatujui sosi iko wapi."

Wakuu, jasho lilinitoka pale pale. Tulipokuwa tumesimama na mpini, mita inayofanya kazi ilipaswa kupanda sosi inapotoka na kushuka inaporudi. Ndivyo tulivyofundishwa wiki ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeacha kuiangalia siku nyingi. Naibeba kama rozari.

Supavaiza akaja na matusi, tunamchelewesha, dogo ameanza kuogopa vivuli. Dogo akagoma kusogea. Hakupandisha sauti, alisimama tu. Mwishowe ikaletwa mita ya pili kutoka kwenye gari la supavaiza. Tukaiwasha, mshale ukaruka hadi mwisho ukagonga ukuta. Sosi ilikuwa imekwama ndani ya mrija. Bomba la jukwaa lilikuwa limeuviringikia mchana likaubonyeza, na aliyeona hakusema.

Tukarudi nyuma, tukasogeza utepe mbali zaidi, tukamwita afisa usalama wa mionzi. Alifika alfajiri na mapande ya risasi na koleo ndefu. Alichofanya sitakisimulia hapa, watu wasije wakakijaribu. Sosi ikarudi, hakuna aliyedhurika.

Sehemu inayonisumbua ndiyo hii. Kwenye ripoti iliandikwa "hitilafu ndogo ya kifaa, imerekebishwa". Kazi iliyofuata, orodha ya majina ikabandikwa ukutani. Jina la dogo halikuwemo. Hakufukuzwa, hakuitwa tu tena. Na mimi niliyekuwa mkubwa wake, niliyeokolewa mkono na macho, nilisoma ile orodha nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na ada za watoto.

Kikosi kizima kilielewa somo. Ukutani kulikuwa na leseni, cheti cha mafunzo, bango la "Usalama Kwanza" lenye nembo. Somo halisi tulilisoma kwenye orodha ya majina.

Nitaendelea. Mwenye la kuongeza atiririke.

---

Kiroboto wa Kibaha

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Endelea mkuu.

---

Mchomeleaji Mstaafu

Mleta uzi umenigusa. Mimi nimechomelea miaka 27, na siku zote nyie watu wa mionzi mkija mnatufukuza kama kuku. "Tokeni, tokeni!" Hamtuambii ni nini. Kuna fundi wangu aliwahi kuruka utepe kwenda kuchukua koti lake, alidhani ni utepe wa kuzuia matope. Swali langu: sisi tusio na beji za kupima mionzi, hiyo utamaduni wa usalama inatuhusu au ni ya kwenu peke yenu?

---

Mzungusha Mpini

Mchomeleaji Mstaafu, shikamoo mzee wangu. Inakuhusu kuliko inavyonihusu mimi. Mimi nina beji, nina mita, nimesoma. Wewe huna kitu.

Nikupe mifano miwili. Morocco, mwaka 1984, mji wa Mohammedia, palikuwa panajengwa kituo cha umeme. Sosi ya iridiamu kama zetu ilikatika kwenye kebo ikaanguka chini bila waliokuwa wakiitumia kujua. Mpita njia akaona kidude kinang'aa, akakiokota, akaenda nacho nyumbani. Walikufa watu 8, ndugu wa nyumba moja. Waliwatibu wakidhani wamekula sumu, wengine wakaonekana wanavuja damu mapafuni. Wanazika, wanaondoka, wanarudi kulala katika nyumba ile ile yenye kidude.

Wa pili ni mchomeleaji mwenzako. Yanango, Peru, Februari 1999, mtambo wa umeme wa maji. Aliokota sosi akaiweka mfuko wa nyuma wa suruali, akaendelea na kazi masaa kadhaa, akapanda basi dogo akarudi kwake. Akapoteza mguu. Hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumwonyesha picha ya kidude kile akamwambia: "Ukikiona hiki chini, kimbia, kisha piga kelele."

Kosa la kiufundi ni kwamba mita haikutumika kuhakikisha sosi iko ndani ya kamera. Wangepima kamera, wangeona ni tupu. Sekunde kumi.

---

Nesi Zamu ya Usiku

Naomba niingie upande wa hospitali, maana mkisikia mionzi mnafikiria mabomba tu.

Kwetu kuna chumba cha eksirei kina beji za kupima mionzi, zile kila baada ya muda zinakusanywa zinapelekwa TAEC, ile tume ya nguvu za atomiki, Arusha kusomwa. Nilikuta beji sita zimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, ndani ya chumba chenyewe. Nikauliza mbona hamvai. Jibu: "Zitapotea." Mwingine: "Ukivaa ikasoma juu, unaitwa kujieleza." Na mmoja alikuwa likizo ya uzazi miezi mitatu, beji yake ikaenda kusomwa na za wenzake, ikaja na kipimo sawa na cha wanaopiga picha kila siku. Mtoto yuko nyumbani ananyonya, mama ana kipimo cha kazini. Tulicheka hadi machozi, baadaye nikawaza, kumbe karatasi zote zilizojazwa miaka yote kwenye faili ni habari za msumari.

Lingine ni kushika mtoto. Mtoto hatulii, picha inarudiwa, basi "nesi njoo ushike". Nesi yule yule kila siku, kwa kuwa ndiye mpole. Eproni ya risasi ipo moja, nyingine imekunjwa kabatini, ikikunjwa inapasuka ndani hujui.

---

Bin Mwinyi wa Tanga

Jamani mbona mnatisha watu. Babu yangu mdogo amepiga eksirei maisha yake yote, ana watoto tisa na wajukuu kibao. Kila jioni alikuwa anakunywa maziwa fresh, mionzi inatoka. Hizi sefti ni za wazungu za kuuza vifaa.

---

Kiroboto wa Kibaha

Bin Mwinyi maziwa tena 😂 Ng'ombe wa Tanga wana kazi.

---

Daktari Kijiwe

Bin Mwinyi, nakujibu kwa heshima ya babu yako. Maziwa ni chakula kizuri, ayanywe. Mionzi ya eksirei haibaki mwilini ikasubiri kufukuzwa na maziwa. Inapita kama mwanga wa taa, ikizimwa imezimwa. Kinachobaki ni jeraha ililoliacha kwenye chembechembe za mwili, na hilo maziwa hayalifuti.

Madhara ni ya aina mbili. Kipimo kikubwa cha mara moja kinaunguza, ngozi inaoza, damu inaharibika, hilo utaliona kwa siku au wiki. Kipimo kidogo kidogo kinaongeza uwezekano wa saratani miaka ya mbele, na kwa macho, mtoto wa jicho. Uwezekano maana yake wengi watapita salama, kama babu. Ukimtazama mmoja mmoja hujifunzi kitu. Ndiyo sababu ya beji, kutunza hesabu ya vitu ambavyo macho hayahesabu.

Nesi, hilo la kujieleza ndiyo kiini. Beji ikisoma juu, swali la kwanza likiwa "nani mwenye makosa?", kesho yake beji zote zitahamia kwenye msumari. Swali likiwa "kazi gani ulifanya wiki zile, tuipange vipi?", beji zitarudi kifuani.

Niseme na la kwetu madaktari, maana ndugu zangu hawatalisema. Thieta ya mifupa kuna mashine ya eksirei yenye mkono wa duara, daktari anaunga mfupa huku anatazama kioo. Bingwa anasema "piga", mtu wa mionzi anakanyaga pedali. "Piga tena." Anasahau mkono wake uko katikati ya mwale. Mtu wa mionzi ana diploma, bingwa ni profesa, nesi anaona, mwanafunzi anaona. Nani atasema "prof, mkono"? Nimeshuhudia operesheni nzima watu wanne wanaona, hakuna aliyefungua mdomo. Mmoja wa hao wanne nilikuwa mimi. Na ukisogeza mguu nyuma hatua moja tu, kutoka nusu mita hadi mita moja, unapata robo ya mionzi uliyokuwa unapata. Bure, haina bajeti, haisubiri tenda.

---

Mchomeleaji Mstaafu

Daktari, hiyo ya "prof, mkono" ndiyo hiyo hiyo ya kumwambia fomania ngazi haijafungwa.

---

Mzungusha Mpini

Wakuu, nimerudi, nilikuwa shifti.

Daktari Kijiwe amenifungulia mlango. Watu wengi wakisikia ajali ya mionzi wanafikiri kuna mtu mmoja mpumbavu alibonyeza kitufe kibaya. Nilipoanza kusoma ripoti za ajali, maana baada ya usiku ule nilikosa usingizi, iliyonikaa kichwani ni ya El Salvador. Si maarufu kama ile ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl.

San Salvador kulikuwa na kiwanda cha kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali kwa mionzi ya kobalti-60. Sosi zinakaa chini ya maji kwenye kisima, zikitakiwa zinanyanyuliwa, maboksi ya vifaa yanapita mbele yake. Mtambo ulisimikwa miaka ya 1970 ukiwa na kila kinga: mlango haufunguki sosi ikiwa juu, kipima mionzi chumbani, kengele. Baadaye nchi ikaingia vitani, watengenezaji wakawa hawaji, mafundi waliofunzwa wakaondoka mmoja mmoja, kila anayeondoka anamwelekeza anayeingia kwa mdomo. Maelekezo yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, wao wanaongea Kihispania. (Hapa wengi humu mnajua ninachosema. Fungua kabati lolote la kazini, soma lugha ya vitabu vya mashine.)

Kipima mionzi cha chumbani kikaharibika, kikaondolewa, miaka zaidi ya mitano kikawa hakipo. Mlango ulikuwa unakataa kufunguka bila hicho, basi wakajifunza kuuhadaa mtambo kwa namna ya kubonyeza vitufe. Na ujanja huo ukawa ndiyo utaratibu, mgeni akija anafundishwa hivyo. Tarehe 5 Februari 1989, saa nane usiku, ile ile saa yangu, maboksi yakabana, sosi ikakwama juu. Kengele inalia. Mwendeshaji akafanya alichofundishwa, akaingia. Akashindwa peke yake, akaita wenzake wawili, wakaingia watatu. Mmoja alikufa baada ya miezi sita na kitu. Mwingine alikatwa miguu.

Yule bwana hakuvunja utaratibu wa pale kazini. Aliufuata. Kila mmoja kabla yake alitoa tofali moja dogo kwenye ukuta, na kila tofali lilipotoka kesho yake haikutokea kitu, kwa hiyo ikaonekana lilikuwa halina kazi.

Mimi na mita yangu iliyokufa tulikuwa humo humo. Sikuamka siku moja nikaamua kutoitazama. Niliitazama mara elfu, ikawa sawa mara elfu.

---

Nesi Zamu ya Usiku

"Kila tofali lilipotoka kesho yake haikutokea kitu." Naomba niichukue hii, niibandike juu ya ule msumari.

Umenikumbusha tulichofundishwa kuhusu mashine ya Therac-25, ya tiba ya saratani kwa mionzi, Marekani na Kanada, 1985 hadi 1987. Programu yake ilikuwa na kasoro, tena ilikuwa na tabia ya kutoa ujumbe wa hitilafu mara nyingi kwa siku bila sababu ya kueleweka. Waendeshaji wakazoea, ujumbe ukija wanabonyeza herufi P ya kuendelea. Mwaka 1986 mji wa Tyler, Texas, ukaja ujumbe namba 54. Mwendeshaji akabonyeza P. Mgonjwa ndani anahisi kama amepigwa shoti, anajaribu kuinuka, anapigwa tena. Kioo cha kumwonea siku hiyo kilikuwa hakijaunganishwa, na simu ya chumbani mbovu. Alikufa miezi kadhaa baadaye.

Mimi siililii programu, hiyo ni ya mafundi. Nalilia kioo na simu. Hivyo havikuwa vinafanya kazi, na mgonjwa akaingizwa.

---

Bin Mwinyi wa Tanga

Haya nimewasikia. Maziwa nimeyaweka pembeni kwanza. Lakini tuwe wakweli, bosi anayetaka kazi iishe utamfanya nini? Dogo wa mleta uzi alisema ukweli, akakosa kazi. Mnatufundisha tuwe na midomo halafu nani analisha familia?

---

Mzungusha Mpini

Bin Mwinyi, swali lako ndilo la msingi na wataalamu wengi wanalikwepa. Watakuambia "toa taarifa", wanaenda kunywa chai.

Nikusimulie ya pili. Baada ya miaka miwili nilihamia kampuni nyingine, ndogo, tena haina hata bango. Bosi wetu wa mionzi alikuwa mzee mmoja mkali, wa Kigoma, tulimwita Mzee. Asubuhi ya kwanza kwenye kikao cha sefti hakutusomea kanuni. Alituambia kosa lake mwenyewe la wiki iliyopita: alisahau kusaini kitabu cha kutolea sosi stoo, akakumbuka akiwa njiani, akageuza gari. Mkubwa anasimulia kosa lake mbele ya vijana. Sikuwahi kuona.

Wiki ya tatu mwenzetu alisimamisha kazi. Mita ilikuwa inapanda na kushuka ovyo, akasema hapana, akasogeza watu wote, mteja akafura. Masaa mawili na nusu tumekaa. Mwisho ikaonekana ni kutu kwenye betri, sosi ilikuwa imelala salama muda wote. Sote tukamtazama Mzee. Mimi nilikuwa nawaza orodha ya majina.

Mzee akamwita mama lishe, akaagiza chai na chapati za watu wote, akalipa yeye. Akamwambia yule jamaa mbele ya mteja: "Umesimamisha kwa sababu mita ilikuambia hujui. Hukujua, ukasimama. Kesho ukiwa hujui tena, simama tena." Akamgeukia mteja: "Masaa mawili na nusu ni yangu, niandikie mimi." Hapo ndipo alipolipia kweli, chapati zilikuwa shilingi chache.

Siku kumi hazikuisha. Vijana wakaanza kuleta vitu. Huyu kebo imechanika nyuzi. Yule mrija una kibonyeo, tangu Machi anakijua. Mwingine utepe hautoshi, huwa anazungushia kamba. Dereva, dereva tu, akasema boksi la kubebea kamera kwenye gari linacheza kwenye kona, halina kifungo upande mmoja. Vyote vilikuwepo kabla. Mzee hakufanya ukaguzi wowote, alinunua chapati.

Kwa hiyo jibu langu: mfanyakazi wa chini peke yake hawezi kuujenga utamaduni wa usalama. Anaweza kuuanzisha, kama dogo, na akalipa. Anayeujenga ni yule mwenye kalamu ya ile orodha. Kama wewe ni supavaiza humu na unasoma, wenzako hawasikilizi hotuba yako ya asubuhi. Wanatazama utafanya nini na mtu wa kwanza atakayekusimamishia kazi bure.

---

Daktari Kijiwe

Nyongeza ndogo tu. Neno lenyewe "utamaduni wa usalama" lilikuja na wataalamu wa IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, kule Vienna walipoandika kuhusu Chernobyl, 1986, kisha 1991 wakaliandikia kijitabu kizima. Kabla ya hapo watu walikuwa wanahesabu pampu na vali. Mimi hoja yangu na wataalamu hao ni moja, wameligeuza kuwa dodoso. "Je, unahisi huru kuripoti? Weka alama ya vema." Kijana anajaza dodoso hilo bosi akiwa amesimama nyuma yake.

---

Mchomeleaji Mstaafu

Halafu posho. Mkitaka kuua sefti, mpe mtu posho ya mazingira hatarishi kisha mwambie unalipwa kwa ajili hiyo. Anajiona ameshauza mkono wake, anausubiri uchukuliwe.

---

Mzungusha Mpini

Mzee wangu hapo umemaliza. Posho ilipwe, sikatai, naitaka. Ila posho haizuii mwale.

Na tusisahau sosi zilizostaafu. Goiânia, Brazil, 1987, kliniki ilihama ikaacha mashine ya tiba yenye sesiamu-137 kwenye jengo bovu. Waokota vyuma wakaivunja, unga wa ndani unatoa mwanga wa buluu gizani, wakagawiana majirani kama zawadi, watoto wakajipaka. Watu 4 walikufa, zaidi ya laki moja walipangwa foleni uwanjani kupimwa. Iridiamu yetu inapoteza nusu ya nguvu kila siku 74 hivi, sesiamu inachukua miaka 30. Mwenye kiwanda kilichofungwa chenye kifaa cha kupimia chenye sesiamu kwenye bomba huko darini, na hajui kama bado kipo, apigie TAEC leo. Walioko Kenya wana KNRA, mamlaka yao ya kusimamia nyuklia. Wauza skrepa ninawaogopa kuliko ninavyoogopa kamera.

---

Mgeni Site

Wakuu shikamooni. Nimesoma uzi wote kwa simu ya kuazima chaji. Jumatatu naanza kama msaidizi wa kupiga picha mabomba, kampuni sijawahi kuisikia. Nimemaliza chuo mwaka jana. Kaka Mzungusha Mpini, nitajuaje kama ni ya orodha au ya chapati? Siwezi kumuuliza bosi siku ya kwanza.

---

Mzungusha Mpini

Karibu mdogo wangu. Usiulize maswali makubwa. Omba vitu.

Omba beji yako, yenye jina lako. Wakikuambia "vaa hii ya jamaa aliyeondoka", umeshajibiwa. Omba mita, tazama stika ya tarehe ya kalibresheni, kisha iwashe uiguse kwenye kamera yenye sosi. Lazima isome kitu, ngao hazizibi kwa asilimia mia. Ikisoma sifuri hapo, mita ni mfu. Muulize dereva au mama lishe, si bosi, "kazi hapa huwa inasimama?" Akisema "aah wiki iliyopita walisimama, kuna mtu alisema hivi na hivi", na huyo mtu bado yupo kazini, kaa hapo ufanye kazi. Akisema "hapa hakusimamagi kitu, ni moto tu", kaa macho.

Na ukiwa na mpini mkononi, utazame mshale. Upande, ushuke. Kila mara, hata mara ya elfu.

---

Kiroboto wa Kibaha

Mgeni Site urudi utuambie. Karanga zimeisha naenda kununua.

---

Mgeni Site

Nimerudi wakuu, leo Jumatano. Beji nimepewa, ina jina langu, wamekosea herufi moja. Mita ipo moja kwa timu mbili. Tunaachiana kwa bodaboda. Nimeomba tuwe na ya kwetu, supavaiza amesema itakuja mwisho wa mwezi, kwa sasa wakiwa nayo wenzetu sisi "tuhesabu mizunguko ya mpini". Leo usiku wanayo wenzetu.

---

Mzungusha Mpini

Usivuke utepe bila mita. Mwambie tumbo linauma kama huna njia nyingine. Nipo macho, njoo inboksi sasa hivi unitumie namba ya afisa usalama wenu wa mionzi.